Kulungu Wanatokea Usiku Tu? Mwongozo Kamili wa Kuandaa Ardhi Yako Binafsi kwa Uwindaji wa Kulungu Marekani

Kila ikifika Novemba napata swali lile lile, yanabadilika maneno tu. "Kaka, nina ekari 60, nimepanda klova (majani ya malisho), nimefunga kamera nane, picha za kulungu ninazo kibao ila zote ni za saa nane usiku, mchana nakaa juu ya mti mpaka miguu inakufa ganzi na sioni hata mkia, shida ni nini?" Nimelijibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora nikae niandike kitu kizima, mtu asome aanze mwanzo afike mwisho.

Jibu lenyewe ni hili: mara nyingi sana shida sio chakula, ni nyayo zako. Watu wanaanza na mbegu na kamera kwa sababu ndo vitu vinavyouzwa, halafu wanaingia shambani kila wikendi kuangalia kamera, na kulungu wa pale wanajifunza ratiba yao ndani ya wiki mbili. Hawahami. Wanaanza tu kutembea ukishaondoka.

Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi una maana yake, usiruke. Nazungumzia kulungu wa mkia mweupe, yule wa majimbo ya mashariki na ya kati ya Marekani, na mifano mingi ni ya Missouri kaskazini kwa sababu ndiko nilikolimia, nikawinda na nikakosea, kwenye ekari 70 za baba mkwe wangu.

## Vitu utakavyohitaji

- Ramani ya angani ya ardhi yako, iliyochapishwa kwenye karatasi. Simu peke yake haitoshi, unataka kitu cha kuchorachora.
- Ramani ya miinuko, ile yenye mistari inayoonyesha kilima na bonde.
- Chensoo (msumeno wa mashine), kofia ngumu yenye kioo cha uso, vizuia kelele vya masikio, na suruali ya kinga ya miguu. Kama huna suruali ya kinga usiguse chensoo.
- Ndoo ya plastiki na koleo dogo la kuchukulia udongo.
- Chokaa ya kilimo, mbegu, na mashine ya mkono ya kumwagia mbegu.
- Wavu wa waya wa kutengeneza kizimba, mita tatu na nusu hivi.
- Kamera za porini, moja kwa kila ekari 100. Ndiyo, moja. Mwenye ekari 60 hata akiwa na mbili ni nyingi.
- Stendi za mtini, yaani viti vya kuwindia juu ya mti, na hanesi (mikanda ya kukushika usianguke) ya mwili mzima pamoja na kamba ya usalama kwa kila stendi.
- Kichupa cha unga mwepesi au manyoya ya mbegu yanayoruka kama sufi, ya kupimia upepo.
- Daftari.

Trekta ukiwa nalo vizuri, usipokuwa nalo kazi inaenda tu.

## Hatua ya 1: Sheria kabla ya jembe

Marekani ardhi ni yako lakini kulungu sio wako. Ni mali ya umma chini ya usimamizi wa jimbo, hata akilala kwenye uwanja wako miaka mitano. Kwa hiyo leseni, msimu, idadi na aina ya silaha vinapangwa na jimbo, na vinatofautiana sana. Texas inaruhusu kuwinda juu ya mahindi yaliyomwagwa kwenye ardhi binafsi. Missouri hairuhusu, na sehemu inahesabika bado ina chambo mpaka zipite siku 10 tangu uondoe kila punje. Mtu kahamia kutoka jimbo moja kwenda jingine na pipa lake la mahindi, anajikuta kwenye kesi.

Fanya mambo matatu. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huu cha jimbo lako, sio cha mwaka jana. Uliza kama kuna vibali vya mwenye ardhi, maana kwa mfano Missouri mkazi mwenye ekari 10 au zaidi zilizoungana anapata vibali vya kulungu bure. Halafu mpigie simu mtaalamu wa wanyamapori wa jimbo umwombe aje atembee na wewe shambani. Majimbo mengi huduma hiyo ni bure na watu hawaitumii, inaniuma sana hii.

Kuna pia mpango wa EQIP chini ya NRCS, tawi la idara ya kilimo ya Marekani, unaochangia gharama za kuboresha msitu na malisho ya wanyama. Omba kabla hujaanza kazi, ukishaanza kukata umeshapoteza nafasi.

Umefaulu ukiwa: unaweza kusema bila kufungua kitabu msimu unaanza lini, unaruhusiwa wangapi, na chambo kinaruhusiwa au la.

## Hatua ya 2: Chora ardhi kama anavyoiona kulungu

Chukua ile ramani ya karatasi. Weka alama wanapolala, wanapokula, wanapopita. Usibuni, nenda ukaangalie mwezi wa pili, msimu umeisha na majani yameanguka na njia zao zinaonekana wazi kama njia za ng'ombe.

Chora na nje ya mpaka wako pia. Kulungu mzima anatumia eneo la mamia ya ekari, mara nyingi linakaribia maili moja ya mraba ambayo ni ekari 640. Ekari 60 haziwezi kuwa nyumba yake nzima. Kazi yako ni kuifanya iwe chumba chake cha mchana. Jirani akiwa na mahindi na soya ekari mia mbili, we kupanda chakula kingine ni kama kufungua mgahawa mlangoni mwa mgahawa, bora umpe sehemu ya kulala ambayo jirani hana.

Mwishoni piga duara kwenye asilimia 20 au 30 ya ardhi, sehemu ngumu kufika na yenye vichaka vingi, andika HAPAINGIWI. Kuanzia Septemba mpaka msimu uishe haingii mtu humo, wala mbwa, wala wewe "mara moja tu". Unaingia kwa sababu moja tu, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa.

## Hatua ya 3: Njia ya kuingia na kutoka

Hapa ndo watu wengi wanapofelia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stendi nzuri yenye njia mbaya ni stendi mbaya. Unaweza ukawa na mti bora kuliko yote lakini kama kuufikia lazima ukatize malisho yao alfajiri, wakati wako pale wanakula gizani, umewafukuza kabla hujakaa. Na jioni je? Giza limeingia, kulungu sita wako mbele yako kwenye klova, unashukaje? Ukishuka wakakuona mara mbili tu, ile ploti inakuwa ya usiku mpaka msimu uishe.

Mwaka wa pili pale shambani tulikuwa na stendi ukingoni mwa klova, upande wa mashariki, na utabiri ulisema upepo wa magharibi kwa hiyo harufu yangu ingeenda nyuma kwenye mahindi ya jirani, safi kabisa. Saa kumi na moja jioni nikaachia kinyoya kimoja cha sufi. Kikaenda mashariki kama mita nne, kikasita, kikazama kwenye kibonde, halafu kikaanza kurudi taratibu kikifuata mkondo wa kijito kuelekea kule kule walikokuwa wanalala. Dakika ishirini baadaye nikasikia jike anapuliza pua kule chini, lile puliza la hatari, mara tatu. Sikumwona hata mmoja jioni ile. Utabiri haukukosea, ila jua likishuka hewa inapoa na hewa baridi ni nzito, inatiririka bondeni kama maji hata upepo wa juu useme vingine. Asubuhi jua likipasha mteremko hewa inapanda. Kwa hiyo asubuhi kaa juu zaidi yao, jioni kaa chini zaidi yao, na kila ukikaa achia kinyoya.

Ya kufanya:

Tafuta njia ya pembeni, kwenye mpaka, kwenye mtaro, ndani ya kijito chenyewe kama maji ni ya kifundo cha mguu. Kijito ni zawadi, kinaficha mwili, kinafuta nyayo na kinafunika sauti.

Fagia njia. Yaani chukua reki mwezi wa nane utoe majani makavu na vijiti kwenye mita 100 za mwisho kabla ya stendi, na kata matawi yanayogusa nguo. Hatua moja kwenye jani kavu alfajiri inasikika mbali.

Jifiche. Kama lazima upite wazi, panda ukuta wa mtama mrefu au nyasi ndefu za asili kati yako na malisho.

Kwa kutoka jioni, kama jirani au mke au mume anaweza kuja na gari mpaka ukingoni, mwache aje. Kulungu wanakimbia gari lakini hawalihusishi na mti wako, na we unashuka wakishaondoka.

Umefaulu ukiwa: unaingia, unakaa saa tatu, unatoka, na hakuna kulungu aliyejua. Ukisikia kupuliza pua njiani mara mbili kwenye njia ile ile, njia hiyo imekufa, tafuta nyingine.

## Hatua ya 4: Chensoo, yaani vichaka vya kulala

Simama katikati ya msitu wako Januari uangalie usawa wa kiuno. Kama unaona mita 100 bila kizuizi, kulungu hawezi kulala hapo mchana. Msitu mkubwa wenye kivuli kizito ni mzuri machoni petu, kwake ni uwanja mtupu, jua halifiki chini hakuna kinachoota.

Dawa ni mwanga. Unakata miti isiyo na faida ili jua lishuke, na ndani ya misimu miwili ya mimea kuota chini panajaa machipukizi, miiba na vichaka. Na hayo machipukizi ndo chakula chake kikuu, kulungu anakula majani na ncha za matawi kuliko nyasi. Yaani umempa kitanda na sahani kwa pamoja.

Usikate mialoni (miti ya oak) mizuri. Mbegu zake ni chakula cha vuli ambacho ploti yoyote haikifikii. Mialoni myeupe mbegu zake zinakomaa mwaka huo huo na hazina uchungu sana ndo maana wanazikimbilia kwanza, mialoni myekundu inachukua misimu miwili na mbegu zake zinaliwa baadaye. Ukiwa na aina zote mbili una chakula kirefu. Toa ile miti inayoibanabana mialoni hiyo kileleni ili izae zaidi.

Muda wa kukata ni Januari mpaka Machi. Usijeruhi mwaloni kuanzia Aprili hadi Julai, wadudu wanaofuata utomvu wanaleta ugonjwa wa kunyauka kwa mialoni na unaweza kupoteza kundi zima kwa sababu mizizi yake inaungana chini.

Kuna njia ya kuukata mti mdogo nusu na zaidi, usawa wa kiuno, halafu kuulaza ukiwa bado umeshikwa na gamba, unaendelea kuishi ukiwa umelala na unachipua palepale mdomoni pa kulungu. Inafaa kwa miti ya unene wa sentimita 10 hadi 20 isiyo na thamani. Lakini sikia, njia hii ni hatari kuliko kukata kawaida. Mti uliokatwa nusu unaweza kupasuka kwenda juu ghafla ukakupiga kidevuni au kifuani kabla hujajua. Usikate peke yako, usikate mti ulioegemea kwa nguvu, na kama hujawahi kufundishwa chensoo mlipe mwenye ujuzi au angusha miti kawaida tu, mwanga utaingia vilevile.

Anza na nusu ekari, sio kumi. Ikate kule kwenye duara la HAPAINGIWI na upande ambao upepo wako hauufikii. Ukitengeneza malalo karibu na stendi umejifungia mwenyewe, hutaweza tena kuifikia bila kuwaamsha.

Vichaka vigeni vitakuja na huo mwanga, hasa ile Lonicera maackii kutoka Asia inayofunika kila kitu. Ua hiyo kwanza. Ukifungua mwanga kabla ya kuiua utakuwa umeilisha.

Umefaulu ukiwa: mwaka wa pili ukisimama ukingoni huoni zaidi ya mita 20 ndani.

## Hatua ya 5: Ploti ya malisho, ndogo na iliyopimwa

Sasa ndo mbegu. Ona ni hatua ya ngapi.

Pima udongo. Chimba vitundu 12 hadi 15 sehemu tofauti, kina cha sentimita 15, changanya kwenye ndoo ya plastiki, peleka sampuli kwenye maabara ya chuo kikuu cha jimbo kupitia ofisi ya ugani wa kilimo ya kaunti. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itaharibu majibu ya zinki. Unatafuta pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, kati ya 6 na 7. Ikiwa chini ya 5.5 mbolea ya pesa nyingi unayomwaga mimea haiwezi kuitumia ipasavyo, na hii ndo sababu namba moja ya ploti za njano zilizodumaa. Watu wanabadilisha mbegu kila mwaka wakati udongo unalilia chokaa.

Chokaa inachukua miezi kufanya kazi, iweke miezi sita kabla kama unaweza.

Cha kupanda kwa anayeanza: oti (nafaka) na klova nyeupe pamoja, mwisho wa Agosti. Oti inaota haraka na kuwalisha vuli hii, baridi kali inaiua, halafu klova inachukua nafasi majira ya kuchipua na inaweza kukaa miaka mitatu au zaidi. Kwa ekari moja weka oti kilo 20 hadi 25 na klova kilo tatu hivi. Oti ifunikwe kama sentimita mbili, klova isizidi nusu sentimita. Kwa hiyo unamwaga oti, unaifukia kwa haro (reki kubwa ya kuvutwa), unashindilia, ndo unamwaga klova juu na kushindilia tena kwa rola au hata magurudumu ya gari. Klova nyingi hazioti kwa sababu zimezikwa, mbegu ni ndogo kama chembe ya mchanga. Na nunua iliyopakwa bakteria wa mizizi, bila hao haijitengenezei naitrojeni.

Mbegu ikipungua sehemu, kuna ujanja wa Februari au Machi: mwaga klova juu ya ardhi tupu wakati usiku inaganda mchana inayeyuka, ardhi yenyewe inaivuta mbegu ndani, hulimi.

Ukubwa: robo mpaka nusu ekari kwa ploti ya kuwindia, umbo refu lililopinda ili kulungu alazimike kutembea aione nzima, na hiyo kutembea ndo inamleta kwenye stendi. Mraba mkubwa wazi anasimama ukingoni, anauangalia wote, anarudi kulala.

Siku ya kupanda weka kizimba cha waya katikati, kipenyo cha mita moja. Ndani hawali, nje wanakula. Ndani kukiwa na klova ya goti na nje ni kapeti, una midomo mingi kuliko ardhi. Ndani na nje kote kukidumaa, tatizo ni udongo. Bila kizimba utabaki kukisia.

Onyo kwa wenye roho nzuri: usimwage mahindi ghafla katikati ya baridi kali ukidhani unawaokoa. Tumbo la kulungu wakati huo limezoea vijiti na machipukizi, wanga mwingi wa ghafla unatengeneza asidi na anaweza kufa tumbo likiwa limejaa. Nimemkuta mmoja hivyo, jike, kalala mita thelathini kutoka kwenye rundo, mdomoni bado kuna punje.

Onyo jingine: usifyeke nyasi mwisho wa Mei na Juni. Watoto wanazaliwa kipindi hicho na silika yao ni kulala kimya wasitikisike hata mashine ikija.

## Hatua ya 6: Kamera ni za kuhesabia

Funga kamera Agosti, siku 10 hadi 14 mfululizo, kwenye malisho au njia kuu, kisha hesabu: madume tofauti unawatambua kwa pembe, majike, watoto. Unatafuta uwiano, jike wangapi kwa dume mmoja, na watoto wangapi kwa majike kumi. Ardhi ndogo hesabu hiyo sio sensa, ila ukiifanya vilevile kila mwaka inakuonyesha mwelekeo.

Baada ya hapo usiende kuziangalia kila mara. Kama unayo ya kutuma picha kwa simu sawa, kama huna zifunge ukingoni pa ploti, uzipitie mchana, siku ya mvua au upepo mkali. Baba mkwe wangu mwanzoni alikuwa anaenda kila Jumamosi na pikipiki ya magurudumu manne kubadilisha kadi. Nikamwambia, baba, hebu tuache wiki sita tuone. Akakubali kwa shingo upande. Wiki ya tano dume aliyekuwa wa saa tisa usiku akapigwa picha saa tatu asubuhi.

## Hatua ya 7: Nani apigwe, nani aachwe

Kwanza majike. Watu wengi hawataki kumpiga jike, wanasema ndo mama. Lakini jike mzima mara nyingi anazaa mapacha, na ukiangalia msitu ukakuta hakuna jani kuanzia chini mpaka mita moja na nusu, kama umepigwa mkasi, na miche yote ya mialoni imetafunwa ncha, basi wamezidi. Msitu ukifikia hapo wanaumia wote, watoto wanazaliwa dhaifu. Idadi mpangie pamoja na yule mtaalamu wa jimbo, na uwapige mapema msimu, maana kila jike uliyempunguza Oktoba ni chakula kilichobaki Februari.

Pili madume. Pembe zinatokana na umri, chakula na nasaba, na katika hivyo vitatu kwa ardhi ndogo chenye nguvu kweli mikononi mwako ni umri. Ule mtindo wa kuua dume mdogo "ana pembe mbaya atachafua mbegu" achana nao, madume wa mwaka mmoja na nusu wengi wanahama eneo walilozaliwa, unayemuua mara nyingi sio wa ukoo wa hapo, na mwenye pembe mbili fupi leo anaweza kuwa mkubwa sana miaka minne mbele.

Jifunze kukadiria umri kwa mwili sio pembe. Mwaka mmoja na nusu anaonekana kama jike aliyevalishwa pembe, miguu mirefu, shingo nyembamba. Miaka mitatu na nusu shingo inavimba Novemba lakini kiuno bado kimeingia ndani, kama farasi wa mbio. Minne na nusu kwenda juu kifua kimeshuka, tumbo na kifua vimekuwa mstari mmoja, miguu inaonekana mifupi. Ukishampiga thibitisha kwa meno: jino la tatu la taya la chini ukihesabu magego kutoka mbele, likiwa na vilele vitatu ni mdogo chini ya miaka miwili, likiwa na viwili ameshabadilisha. Andika kwenye daftari, pamoja na uzito. Uzito wa majike ukipanda mwaka hadi mwaka, kazi yako inaonekana.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Hanesi inafungwa miguu ikiwa ardhini na inafunguliwa miguu ikiwa ardhini. Ajali nyingi za stendi zinatokea wakati wa kupanda, kushuka na kuhamia kwenye kiti, pale ambapo mtu anasema nitajifunga nikishafika. Bunduki haina risasi na inavutwa kwa kamba ukishakaa. Rangi ya chungwa vaa kama jimbo linavyoagiza, hata kwenye ardhi yako.

Usikalie stendi moja zaidi ya mara mbili tatu kwa msimu mzima, na ukae tu upepo ukiwa sahihi. Kwenye majimbo ya kaskazini na kati kilele cha kupandana ni karibu katikati ya Novemba, siku zako nzuri za likizo zitunze kwa wakati huo, dume anatembea mchana akitafuta majike na anasahau tahadhari.

Piga nyuma ya bega, kwenye mapafu, akiwa amesimama ubavu, na ujue risasi itaishia wapi ikipita. Kwa mshale, damu ya waridi yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa. Mshale ukinuka na kuwa na majimaji ya kijani ni tumbo, subiri saa sita hadi nane, ukimkimbilia utampoteza. Akivuka mpaka muombe jirani ruhusa kwanza.

## Hatua ya 9: Nyama na ugonjwa

Toa matumbo haraka, poza nyama ifike chini ya nyuzi 4 za Selsiasi.

Kisha CWD, ugonjwa wa kukonda wa kulungu. Unaletwa na protini iliyoharibika, hautibiki, na protini hiyo inakaa kwenye udongo miaka. Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa, ila CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Vaa glavu, usipasue ubongo wala uti wa mgongo, peleka kichwa au tezi zipimwe kama eneo lako lina ugonjwa, na mabaki usiyasafirishe kwenda kaunti nyingine. Mfuko wa taka wa kwenda dampo halali ni bora kuliko kutupa msituni kwako. Na hiyo ndo sababu nyingine sipendi marundo ya mahindi hata yanaporuhusiwa, yanakusanya pua ishirini sehemu moja.

## Hatua ya 10: Rudi Februari

Msimu umefungwa, sasa ingia kila mahali, hata kwenye HAPAINGIWI. Tafuta malalo: kishimo cha umbo la yai kwenye majani au theluji, nywele za kahawia zenye ncha nyeupe ndani yake. Chenye urefu wa kama mita moja kikiwa peke yake huenda ni cha dume, vikiwa vitatu vinne pamoja vikubwa kwa vidogo ni familia ya majike.

Piga magoti ndani ya hicho kishimo, macho yawe usawa wa macho yake, na uangalie. Utaona mgongo wake umeelekea kule upepo unakotoka, na mbele anaona sehemu gani ya njia yako. Mara nyingi hapo ndipo unapoiona stendi yako, wazi kabisa kati ya matawi, na kile kipande cha mita kumi ulichokuwa unakatiza ukidhani umejificha. Weka alama kwenye ramani, kisha ondoka ukapange njia mpya kabla majani hayajaota.